Mtoto wa Tano

Kwa miaka kadhaa nimejipatia riziki kwa kuwasaidia wanafunzi wa uzamili na uzamifu kunyoosha takwimu za tasnifu zao. Wengi huja siku za mwisho, msimamizi ameshakasirika na tarehe ya kuwasilisha kazi iko mlangoni. Mmoja wao alikuwa muuguzi, mama mtu mzima, aliyefanya utafiti wake kuhusu kichocho cha matumbo miongoni mwa watoto wa shule huko Mwea, kwenye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji. Aliweka kompyuta mezani, akafungua jedwali la kwanza la sura ya nne, akasema hilo ndilo linalomnyima usingizi. Msimamizi wake alikuwa ameandika pembeni neno moja tu: "Haiwezekani."

Jedwali lenyewe lilitoa wastani wa mayai ya kichocho katika kila gramu ya choo, kisha alama ya ±, kisha nambari ndogo mno, kama tano hivi.

"Sista, hii tano ni tano ya nini?"

"Ni mkengeuko sanifu, mwalimu. Data ilikuwa imeegemea upande mmoja, kwa hivyo nikachukua logi kwanza. Halafu nikarudisha."

"Ukarudisha vipi?"

"Kwa antilogi. Si ndivyo hufanywa?"

Ndivyo hufanywa, na sivyo. Nusu ya kazi yake ilikuwa sawa kabisa na nusu nyingine ilikuwa kosa ambalo nimeliona katika tasnifu nyingi, na hata katika makala zilizochapishwa. Nilimwahidi kwamba tungerekebisha jedwali siku hiyo hiyo. Lakini swali lake lilinibakia kichwani, kwa sababu si swali la kompyuta. Watu wametumia miaka mingi kujifunza kugeuza nambari ili ziweze kuchambuliwa, na ikawachukua muda mrefu zaidi kukubaliana namna ya kueleza walichokipata baada ya kuzigeuza. Ni historia fupi kuliko inavyodhaniwa, na ndani yake mna watoto wetu pia.

Hebu tuanze na watoto watano. Niliwachora nyuma ya karatasi yake siku ile, na nakiri kwamba ni wa kubuni, ila hesabu zao ni za kweli. Njia ya kawaida ya kupima kichocho cha matumbo ni ile ya Kato-Katz, iliyoanzishwa na Kato kule Japani mwaka wa 1954 na kuboreshwa na Katz na wenzake kule Brazili mwaka wa 1972. Choo kidogo, miligramu 41.7, hupimwa kwa kijitundu cha kibao, hupakwa kwenye kioo, na mtaalamu wa maabara huhesabu mayai kwa hadubini. Akizidisha kwa 24, anapata mayai kwa gramu moja.

Kwenye vioo vya watoto wetu watano tunahesabu mayai 1, 2, 2, 4 na 64. Kwa gramu, hayo ni 24, 48, 48, 96 na 1,536. Ukijumlisha na kugawanya kwa tano, wastani ni kama 350. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi nambari zilivyotawanyika kutoka kwa wastani, ni kama 663. Sasa andika kama tulivyofunzwa: 350 ± 663. Toa 663 kutoka 350. Unapata mayai 313 hasi kwa gramu. Hakuna mtoto duniani mwenye mayai hasi.

Aliyeliona tatizo hili kwa uwazi na kulileta mbele ya wanasayansi alikuwa Francis Galton, Mwingereza, mwaka wa 1879. Galton si mtu wa kusifiwa ovyo. Alizunguka nchi ambayo leo ni Namibia kati ya 1850 na 1852 akipima kila alichokutana nacho, na baadaye akabuni neno na itikadi ya kuchagua nani azae na nani asizae, itikadi iliyowaumiza watu wengi sana, na Waafrika hawakuachwa nje. Lakini hoja yake ya 1879, iliyochapishwa na Shirika la Kifalme la London, ilikuwa safi. Wanahisabati wa wakati wake walikuwa na kanuni ya makosa, ile yenye umbo la kengele, inayodai kwamba kwa kila kipimo kinachozidi wastani kiko kingine kinachopungua kwa kiasi hicho hicho. Galton akauliza: kama kipo kipimo kinachozidi wastani kwa zaidi ya wastani wenyewe, mwenzake wa upande wa chini atakuwa wapi? Atakuwa chini ya sifuri. Katika mambo mengi ya maisha na ya jamii, hilo haliwezekani. Neno "mkengeuko sanifu" lilikuwa halijabuniwa bado. Karl Pearson alilileta katika miaka ya 1890. Lakini Galton alikuwa tayari ameshaona yale mayai hasi.

Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kuacha kufikiria tofauti na kuanza kufikiria uwiano. Ukimwuliza mtu asiyejua mifugo bei ya mbuzi, na bei halisi ni shilingi 8,000, anayesema 4,000 na anayesema 16,000 wamekosea kwa namna moja: mmoja amegawanya kwa mbili, mwingine amezidisha kwa mbili. Kwa kujumlisha na kutoa, hata hivyo, wa pili anaonekana kukosea maradufu. Kwa vitu vya aina hii Galton alisema wastani unaofaa ni wa kijiometri: badala ya kujumlisha na kugawanya, unazidisha zote pamoja kisha unatafuta kipeuo chake. Hesabu yenyewe alimwachia kijana mmoja, Donald McAlister, ambaye makala yake ilitoka pamoja na ya Galton. McAlister, aliyekuja baadaye kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, alionyesha kwamba ukichukua logi za vipimo kama hivi, kengele inarudi mahali pake.

Logi zenyewe zilikuwa za zamani. John Napier, bwana mmoja wa Scotland, alizitangaza mwaka wa 1614, na Henry Briggs akazipanga upya kwa kutumia kumi kama msingi. Shabaha yao ilikuwa kupunguza jasho: kuzidisha kukawa kujumlisha, kugawanya kukawa kutoa. Sisi tuliosoma kabla ya kikokotoo kuruhusiwa darasani tunalijua jasho hilo. Tunakumbuka kile kitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne, na ile baa juu ya tarakimu iliyotutesa kila nambari ilipokuwa ndogo kuliko moja. Mwalimu alitufunza mambo mawili tu: ingia kwa logi, toka kwa antilogi. Ukisahau kutoka, jibu lako limekosea.

Nadhani hapo ndipo mazoea ya muuguzi wangu yalipozaliwa, na yangu pia. Tulifundishwa kwamba antilogi hurudisha kila kitu nyumbani. Kwa kuzidisha nambari mbili, ni kweli. Kwa takwimu, si kila kitu hurudi, na kinachorudi hakirudi kama kilivyokwenda.

Turudi kwa watoto wetu. Nilichagua nambari zao ili logi za msingi wa mbili ziwe rahisi: 1 inakuwa 0, 2 inakuwa 1, 4 inakuwa 2, na 64 inakuwa 6. Kwa hivyo tuna 0, 1, 1, 2 na 6. Jumla 10, wastani 2. Toka kwa antilogi: mbili mara mbili ni 4. Mayai manne kwenye kioo, mara 24, ni 96 kwa gramu. Huo ndio wastani wa kijiometri. Ni nambari halali, ila si ile 350 tuliyoanza nayo. Wastani wa kijiometri huwa chini ya ule wa kawaida kila mara vipimo vinapotofautiana, na vinavyozidi kutawanyika ndivyo pengo linavyozidi kupanuka.

Mkengeuko sanifu wa zile logi ni kama 2.35. Ukiupitisha kwenye antilogi unapata kama 5.1. Sasa, hii 5.1 si mayai. Kule kwenye logi, mkengeuko ni umbali, na umbali kati ya logi mbili, ukirudi nyumbani, unakuwa uwiano. Kwa hivyo 5.1 ni "mara tano", si "mayai matano". Maana yake ni kwamba uzidishe 96 kwa 5.1 upate kama 488, na ugawanye 96 kwa 5.1 upate kama 19. Hapo umepata mtawanyiko wenye akili, kutoka 19 hadi 488, na hakuna yai hasi. Lakini ukiandika 96 ± 5.1, umeiambia dunia kwamba watoto hawa wamekaribiana sana, kati ya 91 na 101, kumbe mmoja ana 24 na mwingine ana 1,536. Ndiyo maana msimamizi aliandika "haiwezekani".

"Kumbe ni kidogo hivyo," muuguzi akasema.

"Ni alama moja tu," nikamwambia. "Lakini inabadilisha watoto wote."

Kutoka kwa Galton hadi kwenye maabara zetu kuna hatua moja inayopita karibu na kwetu. C. B. Williams alikuwa mtaalamu wa wadudu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alifanya kazi Amani, kwenye kituo cha utafiti katika milima ya Usambara, Tanganyika. Aliporudi Uingereza akaajiriwa Rothamsted, kituo cha kilimo kilichokuwa pia nyumba ya takwimu za kisasa, na huko akaweka mtego wa taa wa kunasa wadudu usiku baada ya usiku, kwa miaka minne. Kila aliyewahi kuwasha taa ya nje mvua ya kwanza inaponyesha anajua alichokutana nacho. Usiku mmoja wadudu watatu, usiku mwingine kumi, halafu unakuja usiku mmoja wa joto na mtego unafurika. Wastani wa kawaida wa mwezi mzima unatawaliwa na usiku huo mmoja. Mwaka wa 1937 Williams alichapisha makala akitetea kutumia logi katika hesabu za wadudu, kwa hoja kwamba hali ya hewa haiongezi wadudu kumi au ishirini, bali huwazidisha au kuwapunguza kwa kiwango.

Ila kulikuwa na usiku ambao hakunasa kitu. Logi ya sifuri haipo. Suluhisho lake lilikuwa kuongeza moja kwa kila hesabu kabla ya kuchukua logi, kisha kuitoa mwishoni. Hila hii ndogo ilisambaa kila mahali, na bado iko kila mahali. Wengi huitumia bila kuitaja, kana kwamba ni chumvi tu ya mapishi.

Tumwongeze mtoto wa sita asiye na yai hata moja. Tukiongeza moja kwenye hesabu ya kioo, tukachukua logi, tukarudi, tukatoa moja, kisha tukazidisha kwa 24, wastani wa kijiometri wa watoto sita ni kama 78 kwa gramu. Tukizidisha kwa 24 kwanza, ndipo tukaongeza moja, jibu ni kama 45. Watoto ni wale wale na vioo ni vile vile. Jibu moja linakaribia kuwa mara mbili ya lingine, na sababu yake ni lile swali la moja iliongezwa wapi. Kama jedwali halisemi, msomaji hana njia ya kujua. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Takwimu nazo ni vivyo hivyo.

Kufikia mwaka wa 1964 kugeuza nambari kulikuwa desturi, lakini uchaguzi wa mgeuzo ulitegemea uzoefu na jicho la mtafiti. Mwaka huo George Box na David Cox walisoma mbele ya Shirika la Kifalme la Takwimu makala iliyobadilisha hali hiyo. Box alikuwa amejifunza takwimu kwa kulazimika: wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa mwanakemia jeshini, katika majaribio ya gesi za sumu kwa wanyama, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuchambua matokeo akaanza kusoma mwenyewe. Katika makala yao walitoa njia ya kuiacha data yenyewe iseme ni mgeuzo upi unaoifaa, kutoka kwa familia nzima ya vipeo ambamo logi ni mwanachama mmoja.

Mfano wao mmoja ulihusu wanyama 48, sumu tatu na tiba nne, na muda ambao kila mnyama aliishi. Muda wenyewe haukutulia. Walipougeuza juu chini, moja kugawanya kwa muda, mambo yalinyooka, na nambari mpya zikawa na maana yake: si muda wa kuishi tena bali kasi ya kufa. Tatizo ni lile lile la antilogi. Ukipata wastani wa kasi kisha ukaugeuza tena, hupati wastani wa muda. Anayesafiri kwa matatu anaweza kulijaribu hili. Ukienda kwa kilomita 80 kwa saa na kurudi njia ile ile kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wako wa wastani si 60. Ni kama 53, kwa sababu umekaa barabarani muda mrefu zaidi ukienda polepole.

Baada ya hapo kompyuta zikaja, na kugeuza nambari kukawa kubonyeza kitufe. Kilichobaki nyuma kilikuwa adabu ya kuandika. Wawili waliojitwika kazi hiyo ni Martin Bland na Douglas Altman, wanatakwimu wa tiba, kupitia maelezo mafupi waliyoyachapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza. Miaka miwili kabla, 1994, Altman alikuwa ameandika humo humo kwamba ubovu wa utafiti wa tiba ni kashfa. Mwaka wa 1996 wakachukua mfano wa watoto wachanga 282, wakaangalia kiwango cha mafuta ya aina ya trigliseridi katika damu ya kitovu. Wastani wa kawaida ulikuwa 0.51, wa kijiometri 0.47. Halafu wakasema waziwazi kinachoweza kurudishwa na kisichoweza.

Wastani wa logi hurudi, na ukirudi unaitwa wastani wa kijiometri, uitwe hivyo. Mipaka ya uhakika ya wastani huo nayo hurudi, ya chini na ya juu, ingawa haitakuwa na umbali sawa pande zote mbili. Tofauti kati ya makundi mawili ikirudi inakuwa uwiano, kwa hivyo husemi "wameshuka kwa kiasi fulani" bali "wameshuka hadi sehemu fulani ya walivyokuwa". Mkengeuko sanifu haurudi kama mkengeuko sanifu. Ama unauacha kule kwenye logi na kusema hivyo, ama unauita kwa jina lake jipya, kizidisho, na kumwonya msomaji asiujumlishe.

Ningependa kuishia hapo, maana mpaka hapo ni suala la nidhamu tu. Lakini kuna swali zito zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Hata ukiripoti wastani wa kijiometri kwa usahihi wote, bado yafaa uulizwe kama ndio wastani uliotakiwa.

Shirika la Afya Duniani hugawa uambukizo wa kichocho cha matumbo katika madaraja: chini ya mayai 100 kwa gramu ni mwepesi, 100 hadi 399 ni wa kadiri, na 400 au zaidi ni mzito. Watazame tena watoto wetu watano. Kwa 96, msomaji mwenye haraka atasema shule hii ina uambukizo mwepesi. Kwa 350, atasema ni wa kadiri na unakaribia kuwa mzito. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyemwona mtoto wa tano, mwenye 1,536.

Kichocho hakiendelei kwa wastani. Kinaendelea kwa mayai yanayofika majini, yakaanguliwa, yakamwingia konokono, yakatoka kumsubiri mtoto mwingine mferejini. Mfereji haujui logi. Unapokea jumla, na katika jumla ya mayai 73 ya vioo vyetu vitano, 64 ni ya mtoto mmoja, karibu asilimia 88. Logi, ambayo kazi yake ni kutuliza nambari zinazopiga kelele, imemtuliza yeye hasa. Kwa hesabu za vimelea vinavyokusanyika ndani ya watu wachache, huko si kutuliza tena, ni kunyamazisha.

Anthony Fulford alilifahamu jambo hili kwa kukaa na data ya kwetu. Alifanya kazi na watafiti wa Kenya na wa Uingereza kuhusu kichocho kule Machakos, na mwaka wa 1994 akaandika makala fupi iliyouliza kama wastani wa kijiometri unaweza kuaminiwa. Shaka yake ilihusu jinsi unavyoyumba kulingana na mtawanyiko: makundi mawili yenye mzigo ule ule wa mayai yanaweza kupewa wastani tofauti wa kijiometri kwa sababu tu moja limetawanyika zaidi. Wataalamu wa mifugo nao walikuwa wamegombana juu ya hilo hilo kuhusu minyoo ya kondoo na ng'ombe, na mwongozo wao wa kimataifa wa 1992 wa kupima usugu wa dawa ukachagua wastani wa kawaida.

Sababu inaonekana mara moja ukipima dawa. Wape watoto wetu watano prazikwanteli. Tuseme wanne wa kwanza wamepona kabisa, na wa tano ameshuka kutoka mayai 64 hadi 32. Kwa wastani wa kawaida, mayai yamepungua kutoka 73 hadi 32, kama asilimia 56. Kwa wastani wa kijiometri, kwa ile hila ya kuongeza moja, upungufu ni kama asilimia 78. Dawa ni ile ile. Ila ripoti ya pili inapendeza zaidi, na hakuna aliyedanganya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unataka upungufu wa mayai upimwe kwa wastani wa kawaida, na unaitazamia prazikwanteli ifikishe angalau asilimia 90. Ukitumia kipimo cha kijiometri kulinganisha na kiwango hicho, unaweza kuchelewa kuona siku dawa inapoanza kushindwa.

Si kwamba wastani wa kijiometri ni mbaya. Kingamwili hupimwa kwa kuzimua damu mara mbili, mara nne, mara nane, na ripoti za chanjo za UVIKO zilijaa wastani wa kijiometri, na zilistahili. Kama unachotaka kujua ni mtoto wa kawaida anafananaje, 96 inakuambia zaidi ya 350. Kama unachotaka kujua ni mfereji unapokea nini, 350 ndiyo inayojibu. Kosa ni kumwachia msomaji akisie swali lako lilikuwa lipi.

Na muuguzi? Tulikaa hadi jioni. Jedwali lake jipya lilikuwa refu kuliko la kwanza. Lilianza na idadi ya watoto na asilimia ya walioambukizwa. Likafuata wastani wa kawaida, kisha wa kijiometri pamoja na mipaka yake ya uhakika, kisha mediani na kipimo cha chini na cha juu. Chini yake tukaweka maelezo mafupi: logi ni za msingi gani, moja iliongezwa wapi, na kwamba majaribio ya sura ya tano yamefanywa kwenye logi lakini nambari za jedwali hili zimerudishwa. Alama ya ± tuliifuta.

Akaiangalia kazi kwa muda. "Yule wa tano," akasema, "mimi ninaye."

"Katika data yako?"

"Eeh. Nilipoona hesabu yake nilidhani mtu wa maabara amekosea, nikaomba kioo kisomwe tena. Ikawa ni hiyo hiyo. Siku ya dawa alisimama kwenye ile fimbo ya kupima urefu kama wenzake, akameza vidonge vyake, akaenda." Akanyamaza. "Shule ikifungwa saa kumi, huyo ni mferejini."

Nikamwuliza kama angependa kuongeza safu moja zaidi. Akaiongeza mwenyewe, mwisho kabisa wa jedwali: idadi ya watoto wenye mayai 400 au zaidi, na sehemu ya mayai yote iliyotoka kwao. Hakuna mgeuzo wowote katika safu hiyo. Ni kuhesabu tu. Msimamizi, nilivyoambiwa baadaye, aliisoma hiyo kwanza.